Nyumba Iliyokatazwa Moshi

Nyumba yangu imewahi kuhifadhiwa, na nawaombea adui zangu yawapate hayo hayo. Mtu mwingine yeyote simwombei.

Mwaka wa tano sasa. Ilikuwa baada ya reli kufika Morogoro, wazungu walipoanza kuja kwa treni kututazama na kurudi kwa treni kutusimulia. Mimi naitwa Mosi, ni mtu wa mlimani, wa hapa Uluguru. Nyumba yangu iko kwenye mteremko juu ya mji, na ukikaa mlangoni unauona moshi wa treni tangu haijafika. Wa treni haukukatazwa. Uliokatazwa ni wangu.

Nyumba yenyewe si ya ajabu. Ni ya msonge, kuta za fito na udongo, paa la nyasi, katikati mafiga matatu. Kuta tunazikandika upya kila masika yakipita. Nyasi tunaezeka kila mwaka wa tatu. Nguzo ya kati aliibadilisha mdogo wangu Rehani mwaka ule wa nzige. Kwa hiyo kitu cha kale humo ndani ni kimoja tu, nacho ni moto. Bibi yetu wa kwanza aliuleta kutoka ng'ambo ya mlima, makaa ndani ya kigae, amefunika jivu. Akayaweka mawe matatu, akapuliza, na tangu siku hiyo moto ule haujazimika. Usiku tunaufukia jivu, alfajiri tunaufukua. Mama yangu alinikabidhi mimi, naye alikabidhiwa na mama yake.

Kwetu mtoto ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wa mama. Na mtoto wa lukolo letu, maji yake ya kwanza ya kuogea huchemshwa kwa moto ule, juu ya mafiga yale. Asiyeogeshwa hivyo hukaa kwao kama mgeni mpaka anakufa. Sasa mimi nina binti mmoja tu, Furaha. Mimba yake ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka. Mwaka huo ninaousimulia alikuwa na ya tatu, nayo imeshika. Nilikuwa natembea kwa ncha za vidole, naogopa hata kukohoa karibu naye.

Ndipo akatokea Bwana Miwani.

Jina lake halisi lilitushinda. Alikuwa mzungu mwembamba, mpole, ngozi imebabuka, anapenda vitu vikuukuu kuliko watu wanavyopenda chakula. Alipanda mlima pamoja na akida Salum, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi, yaani Wajerumani, awe mdomo wao kwetu. Bwana Miwani akaizunguka nyumba yangu mara tatu. Akauliza ina umri gani.

Kwetu mbele ya wageni husema mjomba, na mjomba wa lukolo letu ni Rehani. Tena Rehani anapenda kusema, jamani! Akajikohoza, akaegemea nguzo.

"Bwana mkubwa, nyumba hii aliijenga bibi yetu wa kwanza. Ni hii hii unayoiona."

Na kwa hesabu zetu hakudanganya. Moto ukiwa ule ule, nyumba ni ile ile, hata ukibadilisha kila ufito. Lakini mzungu hakuuliza habari ya moto. Aliigonga nguzo kwa kidole, akafumba macho, akasema kitu kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

"Anasema nguzo hii ina miaka mia mbili," akida akatuambia.

Nguzo ilikuwa na miaka tisa. Rehani, aliyeikata kwa shoka lake mwenyewe, akaanza kutazama paa.

Basi ikaamuliwa. Nyumba yangu itakuwa, hapo akida alihangaika kutafuta neno, akaishia kusema nyumba ya kutazamwa. Isiguswe, isibadilishwe, ikae hivyo daima. Na haitatunzwa na askari. Itatunzwa na wenyeji wenyewe, kwa hiari.

Tangu Wadachi waingie tulishaombwa kuku, mayai, mizigo ya kubeba na njia za kufyeka. Hiari hatukuwahi kuombwa. Mtu mmoja akauliza hiari ni nini.

"Ni yule anayetaka mwenyewe," akida akasema.

Hakuna aliyetaka. Jogoo akawika mahali. Bwana Miwani akaona haya, akaongeza kwamba watakaojitolea kuitunza nyumba hawatapelekwa kwenye shamba la pamba bondeni.

Loo! Hapo ndipo mapenzi ya mambo ya kale yalipotuingia. Wanaume thelathini walisimama kwa mpigo, wengine wao wamekuja mbio kutoka mtoni bado wana mapovu. Stambuli, ambaye mkewe amechoka kumwomba afagie uwanja wake mwenyewe, alilia machozi mbele ya mzungu akisema hajalala usingizi tangu utotoni kwa kuihurumia nyumba ile.

Nyumba ya watu wanne ikapata watunzaji thelathini. Mmoja kazi yake kufungua mlango, mwingine kuufunga. Mmoja alishika ufagio, wa pili alisimama kumwangalia anayefagia. Stambuli akapewa cheo cha mwangalizi wa kizingiti. Alikaa juu yake kutwa nzima.

Mimi nilicheka na wenzangu, mpumbavu mimi, mpaka siku ya tatu zilipoletwa kanuni. Asilale mtu ndani. Kisitoke kitu ndani. Usiwashwe moto.

"Mwambie mzungu wako sijasikia vizuri," nikamwambia akida.

"Umesikia, Bibi Mosi. Anasema moto utaiunguza nyumba."

"Haujaiunguza tangu enzi za bibi yetu wa kwanza."

Wakasemezana. Akida akanigeukia. "Anasema basi hiyo ni bahati, na bahati si utaratibu."

Nikavua kilemba. Nilikuwa na maneno siku ile, wallahi, ambayo akida asingeweza kuyageuza hata angesoma Berlini. Rehani akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya migomba.

"Dada, nakuomba. Watu thelathini."

"Na mjukuu wangu?"

"Mjukuu wako hajazaliwa. Hawa wamezaliwa."

Mwaka uliotangulia walikuwa wamerudi kutoka kwenye pamba watu wa kwetu, na wawili kati yao tuliwazika kabla ya mavuno. Mmoja alikuwa kaka yake Stambuli. Nikamtazama Stambuli pale kwenye kizingiti chake, mtu mzima hovyo, lakini mzima. Nikafunga kilemba changu tena.

Nilichota makaa kwenye kigae, nikayafunika jivu, nikayapeleka kwenye kibanda tulichojengewa ndani ya migomba. Nikataka kurudi kuchukua mafiga. Kumbe vitu vyote vimeshafungwa karatasi zenye namba. Kinu namba moja. Ungo namba saba. Chungu changu kikubwa namba kumi na nne. Mafiga yangu namba ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Askari akamwaga ndoo ya maji juu ya jivu lililobaki. Yale mawe yalilia, chwaa, na mvuke ukapanda hadi darini. Furaha alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, akanishika bega.

"Moto si tunao, mama?"

"Tunao."

"Na mafiga?"

"Yana namba," nikasema, na nikalia hapo hapo bila kuficha.

Basi nikawa mtu wa kutazamwa. Kila Jumamosi wageni walipanda kutoka mjini, na Bwana Miwani alitaka nyumba iwe na mwenyewe. Nikaketishwa kwenye kigoda changu, ambacho nacho kilikuwa na namba, nikoroge chungu kitupu juu ya mafiga baridi. Nikoroge nini? Hewa. Wake za wazungu waliniinamia na vitambaa puani. Mmoja akauliza kama mimi pia ni wa kale. Akida akasema ndiyo. Sikumsalimia akida wiki mbili.

Siku moja nilimwomba Rehani, aliyekuwa amefanywa mkuu wa watunzaji, nikiazime chungu changu, wageni wa msiba wamekuja na sina cha kupikia. Rehani, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni, akaniambia nilete barua.

Mzungu akalalamika kwamba nyumba ya watu wa kale ina vitu vichache. Wa hiari hawakutaka alalamike. Kila mtu akaleta takataka za kwake: vyungu vilivyopasuka, mikeka iliyoliwa na panya, kinu kisicho na kitako. Stambuli akaleta jembe kuukuu, akaapa ni la babu wa babu yake. Bwana Miwani akalishika kwa mikono miwili, akaliandika kwenye kitabu: la kale sana. Jumamosi iliyofuata akapanda Ebrahim, mwenye duka kule chini, na yeye aone. Akalitazama lile jembe. Akamtazama Stambuli.

"Stambuli, bhai, jembe hili si nimekuuzia juzi juzi? Si ulirudi nalo dukani kulalamika mpini umelegea?"

"Nyamaza, Ebrahim," Stambuli akanong'ona. "Mpini ndio wa kale."

Ebrahim alicheka mpaka akatoka nje kushika mgomba.

Miezi ikaenda, na nyumba ikaanza kuumwa. Jambo hili mtoto wa kwetu wa miaka mitano analijua: nyumba hula moshi. Moshi ndio unaopaka fito masizi zisitobolewe, ndio unaofukuza mchwa kwenye nguzo, ndio unaolinda mbegu za mahindi tunazoning'iniza juu ya moto. Nyumba isiyofuka moshi ni chakula cha wadudu, basi. Mwezi wa pili mbegu zangu zilikuwa ganda tupu. Mwezi wa tatu ukisimama ndani kimya uliwasikia bungua wakitafuna miti. Mwezi wa nne unga wa miti ulikuwa unaanguka juu ya kofia za wageni, na Bwana Miwani akaushika kwa vidole akaunusa.

Akaniuliza, na kwa kuniuliza nikampa heshima yake, ni kitu gani.

"Mwambie nyumba inataka moshi," nikamwambia akida.

Akida akamwambia. Bwana Miwani akacheka kwa upole, kama anavyochekewa mtoto.

"Anasema moshi ni uchafu, bibi."

Asiyejua maana haambiwi maana. Wiki ile ile yakapandishwa madebe ya mafuta meusi, yale wanayopaka miti ya reli isiliwe na wadudu, na wa hiari wote thelathini wakaipaka nyumba yangu ndani, nguzo, fito, mpaka nyasi za paa kwa chini. Ikanuka hadi ng'ambo ya kijito. Stambuli akawasha kiko chake pale kizingitini, cheche moja ikaruka, na nyusi zake zikaenda. Ikaongezwa kanuni ya nne: viko marufuku.

Furaha alikuwa mwezi wa nane. Usiku nilikuwa napuliza moto wangu kwenye kibanda, moto usio na mafiga yake, nikihesabu siku. Nilimwendea Rehani mara moja zaidi. Nikamwambia siku hiyo ikifika nipewe mafiga kwa muda wa kuchemsha maji tu, kisha niyarudishe na namba zake. Akasema atamwomba akida. Akida akasema atamwomba mzungu. Mzungu, sijui kama aliombwa.

Siku yenyewe ikaja na mambo yake yote kwa pamoja. Mgeni mkubwa kutoka Ulaya alikuwa anafika kwa treni, mkubwa wa wakubwa wa vitu vya kale, na tangu alfajiri wa hiari walikuwa wamejipanga njiani wamevaa kanzu za kuazima. Tangu alfajiri hiyo hiyo Furaha alikuwa ameshikwa na uchungu kibandani, mkunga Shamsia yuko naye. Na mimi nikaamriwa kukaa kwenye kigoda. Nilikuwa nakoroga hewa, nasikia mwanangu akilia nyuma ya migomba hatua arobaini kutoka pale. Nawauliza nyie, mama yupi anakaa?

Nilikaa. Kwa sababu ya thelathini, nilikaa.

Mgeni akaingia, mzee mnene wa masharubu meupe, anatweta kwa kupanda mlima. Bwana Miwani akamwonyesha nguzo ya miaka mia mbili. Akamwonyesha jembe. Mzee akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha akanitazama mimi, akatazama chungu, akainama akachungulia ndani ya chungu. Akauliza kitu.

"Anauliza," akida akasema polepole, "kwa nini mama huyu anakoroga chungu kitupu?"

Lilikuwa swali la kwanza la maana kutoka kwa mzungu mwaka ule. Nikampenda yule mzee ghafla.

"Mwambie kwa sababu nimekatazwa moto."

Mzee akasikia, akageuka kumtazama Bwana Miwani, akasema maneno machache. Bwana Miwani akawa mwekundu hadi masikioni. Kumbe na kwao mdogo hambishii mkubwa.

"Anasema nyumba bila moto haijamwonyesha kitu," akida akasema. "Anataka kuona mama anapika. Washa, bibi."

Nikasema, "Akida, mwambie nyumba imepakwa mafuta."

Akida akajipangusa jasho. "Bibi Mosi, mimi nageuza maneno ya wakubwa. Siyaanzishi. Amri imetoka."

Nikasema mara ya pili, kwa sauti, wa hiari wote wasikie: "Nyumba hii itaungua." Rehani akaja mbio akapiga magoti mbele yangu, mjomba mtu mzima na kanzu ya watu.

"Dada, sema unaumwa. Sema kuni zimelowa. Usiwashe, tafadhali. Watu thelathini, dada."

Nilikuwa tayari kusema naumwa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Mara zikatoka kibandani sauti za vigelegele, vya Shamsia, vinne, na kwetu vigelegele vinne ni mtoto wa kike, na mtoto wa kike ndiye lukolo lenyewe.

Niliinuka kwenye kigoda namba tisa. Nikaenda kibandani, nikamwona, mwekundu, anapiga kelele, mikono amekunja kama anadai kitu. Nikamwambia Furaha, "Msimwogeshe, maji yanakuja." Nikachukua kigae changu cha makaa. Nikachota maji, nikayatia kwenye chungu namba kumi na nne bila barua ya mtu. Nilijua? Nilijua. Nilishasema mara mbili, kwa Kiswahili ambacho akida anakielewa. Nikamwaga makaa katikati ya mafiga matatu, nikapanga kuni, nikapiga magoti nikapuliza.

Ukashika. Jamani, ukashika kama haukuwahi kuondoka! Mzee wa masharubu akapiga makofi. Moshi ukapanda darini, bungua wakaanza kudondoka mmoja mmoja, na kwa kitambo nyumba yangu ikanuka nyumba. Nililia na kucheka kwa pamoja. Chungu kikaanza kuimba.

Kisha ulimi mmoja wa moto ukalamba mafuta yaliyokuwa yakichuruzika kwenye nguzo ya kati.

Nikamshika mgeni mkono, nikamtoa nje mimi mwenyewe, maana wenzake walikuwa wanasukumana mlangoni. Stambuli, mwangalizi wa kizingiti, ndiye aliyekiruka wa kwanza. Bwana Miwani alitaka kurudi ndani kuchukua kitabu chake na Rehani akamkumbatia kiunoni. Paa lote likawaka kwa mpigo mmoja na kuanguka kabla hatujamaliza kuhesabiana. Nyasi haziweki uchungu rohoni, zinaungua zinakwisha. Muda wa kumchinja kuku na kumnyonyoa, hapakuwa na kitu tena isipokuwa jivu, jembe la Ebrahim, na katikati mafiga matatu yamebeba chungu. Karatasi zake zote zimeungua. Kingo za chungu zilikuwa zimepasuka upande mmoja. Maji yalikuwemo, yanachemka, na juu yake kunaelea masizi.

Tuliyachuja kwa kanga, tukayapoza kwa maji ya kijito. Mwanaheri, hilo ndilo jina lake, akaogeshwa pale pale mbele ya jivu, mbele ya wazungu na akida na wa hiari thelathini wenye kanzu nyeusi za moshi. Mzee wa masharubu akavua kofia. Bwana Miwani alikuwa amekaa chini anamwaga machozi, na mimi, niamini usiamini, nikamwonea huruma. Alikuwa ameipenda kweli nyumba ile. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuonana nayo.

Watu husema moto huzaa jivu, na mimi nililipa jivu langu. Jumatatu iliyofuata wanaume wote thelathini walishuka bondeni kwenye pamba, maana nyumba ya kutazamwa haipo. Rehani alipita mbele yangu na jembe begani asinitazame. Wake zao nao hawakuniitikia salamu kisimani. Sikuwalaumu. Masika yakaingia. Mafiga sikutaka kuyang'oa, basi mimi nikahamia kwao. Nikaezeka majani ya migomba juu ya mawe yale matatu, nikakaa chini yake siku baada ya siku, mvua ikinipiga mgongoni, nikiukinga moto kwa mwili wangu. Kila nilipopuliza niliwataja kwa majina, thelathini, warudi wote. Nilijiambia wakirudi ishirini na tisa, nitaumwagia maji moto huu kwa mkono wangu.

Walirudi thelathini. Wamekonda, Rehani mgongo umepinda, Stambuli anakohoa, lakini thelathini. Waliingia majumbani mwao bila kunisemesha.

Kesho yake asubuhi nilisikia vishindo njiani. Wa kwanza alikuwa Rehani na nguzo mpya begani kwa mgongo ule ule uliopinda. Nyuma yake mizigo ya fito, nyuma yake mizigo ya nyasi. Hakuna aliyewaita. Hakuna akida aliyekuwepo, wala kanuni, wala shamba la kukimbia, maana zamu yao ilikuwa imekwisha. Stambuli alikuwa na lile jembe, amelitia mpini mpya, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza watu walimwona akichimba bila kuamriwa. Nilihesabu. Hakukosekana hata mmoja. Rehani akasimika nguzo, akaishindilia, akajipangusa, akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Dada, watu wanafanya kazi. Chakula kiko wapi?"

Nilipika huku naona ukungu machoni, wa machozi, si wa moshi.

Siku ya tisa nyumba ilikuwa imesimama. Bwana Miwani akapata habari, akapanda mlima na kamba yake ya kupimia. Akapima kuta, mlango, kutoka mafiga hadi nguzo, akilinganisha na alichokumbuka. Akapima tena. Akauliza nani alikuwa na mchoro. Tukamwambia hatujui mchoro ni nini. Akainamisha kichwa.

"Anasema inafanana sana," akida akasema, "lakini siyo yenyewe. Yenyewe imepotea milele."

"Mwambie aingie akaone moto."

Hakuingia. Alichofanya ni kuleta bango, akalisimika hatua tatu kutoka mlangoni kwangu. Akida alinisomea: Hapa palikuwa na nyumba ya kale ya Waluguru. Na mtu akiliondoa, faini. Basi nikaanika ungo wangu juu yake, na Mwanaheri alipoanza kutembea alijifunza kwa kulishika.

Mwezi uliopita Bwana Miwani alipanda tena, nywele zimeingia mvi, amechoka. Ana mabango mengi huko chini, kila penye kitu cha kale kilichokufa, na yote yameliwa na mchwa. Amekuja kuhesabu mabaki. Akakuta langu limesimama, jeusi tii, zima. Akaligonga kwa kidole kama alivyoigonga ile nguzo. Akasema na akida kwa muda mrefu.

"Anauliza umelipaka mafuta gani."

Nilimtazama. Upepo ulikuwa unaleta moshi kutoka mlangoni kwangu, unampitia usoni, anapikicha macho.

"Mwambie aingie ndani, akae."

Safari hii aliingia. Rehani akasogea akampa kigoda. Mwanaheri, miaka mitano kasoro, alikuwa anapuliza moto, mashavu yamevimba, hata hakugeuka kumtazama mzungu. Bwana Miwani akavua miwani yake, akaifuta, ikajaa moshi tena, akaiweka mfukoni. Akakaa hivyo mpaka maji yakachemka. Kisha akamnong'oneza akida.

"Anauliza kama anaweza kuja tena Jumamosi."

"Anaweza," nikasema. "Kwa hiari yake. Mwambie aje na kuni."